Shemeji anakuja Pemba na redio yake: leseni ya Ujerumani inaishia wapi?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Wete, Pemba. Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Hamburg na ana leseni ya redio ya ridhaa. Desemba anakuja kututembelea, na anataka kuja na mtambo wake tufunge antena kwenye minazi ya nyumbani. Anasema leseni yake ni ya kimataifa, hahitaji kibali kingine. Ni kweli? Na wanafunzi wangu wanaruhusiwa kuzungumza kwenye redio hiyo? Bibi naye ameshaniuliza kama ataweza kuwasalimu wanawe walioko Muscat. Tena nimeambiwa kwamba asiyejua Morse, ile lugha ya nukta na mistari, haruhusiwi kugusa kitu. Nisaidie, nisije nikamtia mgeni matatani."

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka, maana mambo ya vibali yanataka muda: leseni ya shemeji haitoshi. Akifika Wete asibonyeze kitufe cha kurushia hata mara moja kabla hajashika kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Karibu maswali yako yote yanarudi kwenye jambo hilo, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa kirefu.

Watu wakisikia "sheria za kimataifa za redio" hudhani kuna ofisi Geneva inayotoa leseni za kutumika dunia nzima. Haipo. Kilichopo Geneva ni ITU, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mawasiliano, lililoanza mwaka 1865 enzi za telegramu za waya, na chini yake kuna mkataba mnene uitwao Kanuni za Redio. Mkataba huo umewekwa na serikali, na wanaofungwa nao moja kwa moja ni serikali. Hautoi ruhusa kwa mtu. Unaiambia Tanzania: ukiwapa watu wako leseni ya redio, wape kwa masharti haya, kwenye masafa haya. Ujerumani nayo imeambiwa hivyo hivyo.

Ibara unayopaswa kuikumbuka kuliko zote ni ya 18. Inasema hakuna kituo cha kurusha kitakachowekwa au kuendeshwa na mtu binafsi au kampuni bila leseni iliyotolewa na serikali ya nchi ambayo kituo hicho kiko chini yake. Tazama neno linalobeba uzito hapo: ni kituo. Shemeji akiwa nyumbani kwake Hamburg, kituo chake kiko chini ya Ujerumani. Akifunga waya ule ule kwenye mnazi wa Wete, kituo kimeingia chini ya Tanzania, hata kama redio ni ile ile, mikono ni ile ile na cheti cha mtihani ni kile kile.

Hata hivyo usimwone shemeji mwongo. Anajua anachokisema, ila amekivusha mpaka kisiouvuka. Mwaka 1985 nchi za Ulaya zilikubaliana, kupitia chombo chao kiitwacho CEPT, kwamba mwanaredio mwenye leseni kamili ya nchi moja akienda matembezini kwenye nchi nyingine iliyojiunga anaweza kurusha hadi miezi mitatu bila kuomba upya. Hutanguliza tu herufi za nchi aliyomo mbele ya jina lake la hewani. Baadaye nchi kadhaa za nje ya Ulaya, Marekani na Kanada zikiwamo, ziliukubali utaratibu huo. Ndiyo maana mtu wa Hamburg anaweza kuvuka kwenda Ufaransa au Hispania na redio begani asiulizwe. Lakini Tanzania haimo. Kenya vilevile haimo, kwa hiyo asijaribu kushukia Mombasa akidhani huko njia ni nyeupe.

Muulize pia leseni yake ni ya daraja gani. Ujerumani ina daraja A, daraja E, na tangu katikati ya mwaka 2024 daraja N la wanaoanza. Daraja A ndilo linalolingana na mtihani wa pamoja wa Ulaya na ndilo lenye uzito mbele ya mamlaka ya nchi nyingine. Daraja N limetungwa kwa matumizi ya Ujerumani yenyewe. Akiwa na A, ombi lake hapa lina mguu mzuri wa kusimamia. Akiwa na N, ajue mapema kwamba anaomba akiwa na karatasi ambayo nchi nyingi haziitambui.

Kwa mgeni kama yeye, Kanuni za Redio zina kifungu chake, ndani ya Ibara ya 25, ambayo ndiyo ibara yetu sisi wa ridhaa. Kinasema kila nchi inaweza kuamua kama itamruhusu mtu mwenye leseni ya nchi nyingine aendeshe kituo akiwa kwake kwa muda, na kwa masharti itakayoyaweka. "Inaweza kuamua." Hailazimishwi kukubali, na haikatazwi. Uamuzi ni wa TCRA. Na kwa kuwa uko Pemba, nikuondolee shaka nyingine: posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo mamlaka ni hiyo hiyo moja kwa Bara na Visiwani, na ina ofisi Zanzibar. Usimzungushe mgeni kwenye ofisi za wilaya.

Katika barua, aeleze yeye ni nani, aambatanishe nakala ya leseni na ya pasipoti, ataje tarehe za kuingia na kutoka, mahali kituo kitakapokaa, aina ya mtambo, nguvu yake kwa wati, na masafa anayoyaomba. Katika barua hiyo hiyo aulize kuhusu kuuingiza mtambo nchini na kuhusu uidhinishaji wa kifaa, kwa sababu mtambo wa kurusha ukifika bandarini au uwanja wa ndege bila maelezo huwatia watu wa forodha wasiwasi, na hawana kosa. Nimewaona wageni wawili wakiondoka nchini bila kurusha neno moja, redio imekaa stoo ya forodha wiki tatu. Wote wawili walikuwa na leseni nzuri sana za kwao.

Sasa nieleze hii ridhaa yenyewe ni nini, maana hapo ndipo majibu ya wanafunzi na ya bibi yanapotoka. Kanuni za Redio zinaitaja kama huduma ya mawasiliano kwa ajili ya mtu kujifunza mwenyewe, kuwasiliana na wenzake, na kuchunguza mambo ya kiufundi, inayofanywa na watu walioidhinishwa, wenye kuipenda elimu ya redio kwa nia yao binafsi na bila maslahi ya fedha. Kila kipande cha maelezo hayo kinakata. Bila maslahi ya fedha: shemeji hawezi kutangaza duka la dada wala kupokea malipo ya kufikisha ujumbe. Kuwasiliana na wenzake: si kituo cha kupigia taarabu kwa wasikilizaji wa Micheweni. Kujifunza na kuchunguza: hapa ndipo mwalimu wa fizikia unapopata haki ya kuuliza swali lako.

Tena yanayozungumzwa hewani na nchi za nje yamewekewa mipaka: yawe yale yanayohusu malengo hayo, au maneno ya kawaida ya mtu binafsi. Na yasifichwe maana. Kifungu kinakataza kuyafunga maneno kwa namna ya kuzuia wengine wasielewe, isipokuwa amri zinazotumwa kuendesha setilaiti za ridhaa. Watu wa kwetu huniuliza mara nyingi: basi Kiswahili si kitahesabiwa mafumbo kwa Mjapani? La. Kanuni hazimlazimishi mtu lugha, na Kiswahili ni lugha ya wazi kama Kijerumani. Vifupi vya Q navyo, kama QSL kwa "nimepokea", vinajulikana na kila mtu, havifichi kitu. Lakini vijana wawili wakikubaliana kuzungumza kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi, ili asiyejua asielewe, hapo wamekosea, ingawa maneno yao yote ni Kiswahili.

Upande wa pili asiwe mtu wa nchi iliyokataa. Msingi wa Ibara ya 25 ni kwamba mazungumzo kati ya wanaredio wa nchi mbalimbali yanaruhusiwa, mpaka nchi mojawapo itoe taarifa rasmi kwamba inapinga. Zamani orodha ya wapingaji ilikuwa na majina. Siku hizi hilo halitamsumbua.

Tuje kwa bibi. Nimelisoma swali lake mara mbili, kwa sababu najua Pemba ina nyumba ngapi zenye nusu ya ukoo Oman. Kwa lugha ya kanuni, bibi ni "mtu wa tatu". Hana leseni, na wanawe kule Muscat nao hawana. Mwenye leseni hapa angepokea maneno yake, mwenye leseni kule ayafikishe. Kanuni inasema vituo vya ridhaa vitatumika kupeleka mawasiliano ya kimataifa kwa niaba ya watu wa tatu wakati wa dharura au maafa tu. Kisha inaongeza kwamba kila nchi inaweza kuamua jinsi kifungu hicho kitakavyotumika kwa vituo vyake. Marekani, kwa mfano, ina orodha yake ya nchi ilizokubaliana nazo kupitisha salamu za namna hiyo. Kwenu maana yake ni hii: mpaka Tanzania na Oman zote ziwe zimeruhusu, salamu za bibi haziendi kwa redio ya shemeji. Asijaribu kwa kisingizio kwamba ni sekunde thelathini tu.

Najua jibu hilo linauma, na chanzo chake ni cha zamani. Kabla ya mwaka 2003 kifungu kilikuwa kikali zaidi: kupeleka ujumbe wa mtu wa tatu nje ya nchi kulikatazwa kabisa, na mwanaredio mwenyewe aliruhusiwa maneno binafsi yale tu ambayo, kwa udogo wa umuhimu wake, hayakustahili kupelekwa kwa njia ya kulipia. Posta na simu za nchi mbalimbali zililinda mapato yao. Salamu ya mama kwa mwanawe ilihesabiwa kuwa na thamani, kwa hiyo ilipiwe telegramu. Leo bibi anaweza kumwona mwanawe kwenye simu bure, lakini mzizi wa ile kanuni bado umo ardhini. Binafsi naona umefika wakati nchi zetu za mwambao zikalitazama upya jambo hili. Ila mpaka zilitazame, kanuni ndiyo hiyo.

Kuna njia iliyo safi, nayo ni mmoja wa wale wana wa Muscat kupata leseni yake mwenyewe. Oman si nchi ngeni kwa mambo haya. Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa mwanaredio wa ridhaa, jina lake la hewani lilikuwa A41AA, na kuna jumuiya yenye ulezi wa kifalme inayowahudumia wenye hamu hiyo. Mjukuu mmoja akifaulu mtihani huko, atazungumza na shemeji kama mwenzake, Pemba na Muscat, na hakuna kifungu kitakachovunjika. Bibi atakuwa amekaa pembeni anasikia sauti ya mjukuu wake. Kusikia hakuna neno.

Wanafunzi wako wanakaa kwenye kifungu hicho hicho, ila kwao mlango una ufa. Ujerumani, Uingereza na Marekani zote zimeweka taratibu za mtu asiye na leseni kuzungumza akiwa chini ya uangalizi wa mwenye leseni aliyepo hapo hapo, mkono karibu na swichi. Kanuni za dunia hazikatazi nchi kufanya hivyo kwa ajili ya mafunzo. Basi usidhani: waandikieni TCRA wazi kwamba mnaomba wanafunzi wa skuli fulani washiriki chini ya uangalizi wa mwenye kibali, na jibu liwe kwenye maandishi. Wakiruhusu kuzungumza na vituo vya ndani tu, mheshimu hivyo. Wakikataa, mna kazi nyingine nzuri ya kuwapa watoto, nami nitakupa mwishoni.

Kuhusu Morse, aliyekuambia anakumbuka zamani. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kurusha chini ya megahezi 30, yaani kwenye mawimbi mafupi yanayofika mbali, alipaswa kwanza kuthibitisha kwamba anaweza kuituma kwa mkono na kuisoma kwa sikio. Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliokaa Geneva mwaka 2003 uliliondoa sharti hilo na kuiachia kila nchi iamue yenyewe. Ujerumani na Uingereza ziliacha kuidai mwaka ule ule, Marekani ikafuata mwaka 2007. Mimi Morse ilinilisha, na naipenda hadi leo. Ishara dhaifu ambayo sauti ya mtu isingeeleweka kabisa, sikio lililozoea linaisoma. Mkutano ule haukugusa wajibu wa nchi kupima ujuzi wa mwombaji: bado lazima zithibitishe kwamba anajua uendeshaji na ufundi.

Sasa jina la hewani, ambalo sisi twaliita kolsaini. Dunia imegawana herufi kama ilivyogawana namba za simu. Tanzania ina 5HA hadi 5IZ, Kenya 5Y na 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9O hadi 9T, Oman A4. Ujerumani ina DA hadi DR. Ukisikia jina linaanza na DL, mwenyewe ni wa Ujerumani, na hapo ndipo shida ya shemeji inapotokea: akirusha kutoka Wete kwa jina la Ujerumani tupu, anaiambia dunia kwamba yuko mahali asipokuwepo. Kitambulisho cha uongo au cha kupotosha kimekatazwa na Ibara ya 19, kwa redio zote, si za ridhaa tu. TCRA itamwambia atumie jina gani, na hilo ndilo atakalotumia, herufi kwa herufi. Alitaje mara kwa mara. Ibara ya 25 inasema "kwa vipindi vifupi" na inaziachia nchi kupima; Marekani wameweka kila dakika 10 na mwisho wa mazungumzo, nacho ni kipimo kizuri cha kujizoeza hata pasipolazimishwa.

Akipata jina hilo ajiandae kwa foleni. Visiwa vyetu vinatafutwa sana na wanaredio wa dunia. Tuzo kubwa ya Marekani ya kukusanya nchi iliihesabu Zanzibar peke yake, mbali na Bara, hadi mwaka 1974, na wapo wazee Ulaya na Japani ambao bado huinuka kitini wakiisikia.

Masafa nayo yana mtego, hasa kama mtambo umenunuliwa Marekani. ITU imeigawa dunia kanda tatu. Sisi, Ulaya, na Waarabu wa Ghuba tuko Kanda ya 1. Kwenye mita 40, maana masafa huitwa pia kwa urefu wa wimbi lake, tuna kilohezi 7,000 hadi 7,200; Wamarekani wanaendelea hadi 7,300. Sehemu ile ya juu kwetu ni ya vituo vya matangazo. Kwenye mita 80 tunaishia 3,800, wao 4,000. Kwenye mita 2 tuna megahezi 144 hadi 146, wao hadi 148. Mita 20, yaani 14,000 hadi 14,350, ni moja dunia nzima, na kwa saa za mchana kutoka Pemba kwenda Ulaya ningemshauri shemeji aanzie hapo. Kwingine sisi ni wageni: 10,100 hadi 10,150 ni ya wenye huduma nyingine kwanza, tukiwasumbua tunanyamaza, wakitusumbua hatulalamiki. Haya ndiyo yaliyo kwenye jedwali la dunia. Nchi inaweza kuwapa wanaredio wake pungufu ya hapo, kwa hiyo karatasi ya TCRA ndiyo itakayosema, na nguvu ya mtambo vilevile. Kwa masafa haya kanuni za dunia hazitaji wati, zinaiachia kila nchi. Kusema "kwetu Ujerumani naruhusiwa 750" hakutamsaidia.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeliona kwa macho. Siku hizi simu za upepo za mkononi, hizi ndogo za bei nafuu, zinauzwa mtandaoni zikiwa na uwezo wa kurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174. Masafa ya ridhaa hapo katikati ni zile megahezi mbili tu, 144 hadi 146. Kilichobaki kina wenyewe, na mmoja wao ni bahari: 156.8 ni chaneli 16, ya kuitana na ya kuomba msaada. Nilifanya kazi chumba cha redio cha bandari moja ya pwani yetu. Jioni moja ya kusi kali, nahodha wa jahazi lililokuwa likiingia maji alikuwa anaita kwenye 16. Tulipata silabi mojamoja, kisha kimya, kisha sauti ya kijana wa nchi kavu, safi kabisa, akimuuliza mwenzake bei ya saruji. Kwenye FM mwenye nguvu humeza mnyonge, hawasikiki wote wawili. Kijana yule alikuwa kilomita chache kutoka kwetu, jahazi liko mbali nyuma ya mwamba. Tulihangaika dakika 12 mpaka akaacha kubonyeza. Jahazi tuliliokoa. Wapemba mlioipitia Septemba 2011, usiku ilipozama meli ya Spice Islander karibu na Nungwi, hamhitaji mimi niwaeleze dakika 12 za baharini ni kitu gani.

Kwa hiyo kama shemeji anawaletea watoto zawadi ya simu hizo, zifungiwe kabatini. Kifaa kuweza kurusha mahali fulani si ruhusa ya kurusha. Na mkisikia mazungumzo ya meli au ya ndege wakati wa kuzungusha kitufe, msiyarekodi wala kuyasimulia: Kanuni za Redio, Ibara ya 17, zinazitaka nchi kuzuia kuvujishwa kwa mawasiliano ambayo hayakukusudiwa umma.

Lakini wakati wa maafa mambo hugeuka, na hili ni lazima bibi naye alijue. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga Bahari ya Hindi mpaka kufika mwambao wetu, timu ya wanaredio kutoka India ilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, imekwenda kurusha kwa ajili ya wapenzi wa visiwa adimu. Simu zilikatika. Redio zao za hobi zikawa njia ya kupeleka habari za walio hai kwa jamaa zao Bara Hindi. Salamu zile zile za watu wa tatu, ambazo siku za kawaida haziruhusiwi kuvuka mpaka, wakati wa maafa kanuni huzifungulia. Ibara ya 25 inazihimiza nchi ziwaruhusu wanaredio wajiandae kwa hali hiyo kabla haijafika, na kwenye mawimbi mafupi kuna vituo vya kukutania vinavyojulikana, kama kilohezi 14,300, na kwa kanda yetu 7,110. Shemeji akiwa Wete na kibali mkononi, avijue.

Ukitaka kujua kwa nini hobi ina masafa yake ndani ya mkataba wa mataifa, ni kwa sababu ya mabaki. Mwaka 1912 Marekani iliwasukuma wanaredio hawa kwenye mawimbi ya mita 200 kwenda chini, yaliyodhaniwa hayafai kitu. Kufikia mwaka 1923 walikuwa wanazungumza kuvuka Atlantiki kwa mawimbi hayo hayo mafupi, na wakubwa wakayataka. Wanaredio wakaungana Paris, Aprili 1925, kuunda IARU, umoja wao wa dunia, na mwaka 1927 mkutano wa Washington ukawapa masafa yao kwa jina. IARU hadi leo huhudhuria mikutano ya ITU, lakini haina kura. Kura ni za serikali. Ndiyo maana nchi isiyo na wanaredio wake wanaosikika nyumbani haina wa kuisukuma ikapiga kura kwa ajili yao, na ndiyo maana nafurahi kuona swali hili limetoka Wete.

Sasa ile kazi ya watoto, isiyohitaji leseni ya kurusha. Tafuta redio ya kupokea mawimbi mafupi yenye uwezo wa kusikia Morse, funga waya wa mita 20 kati ya minazi miwili, juu iwezekanavyo, mbali na nyaya za umeme. Weka kilohezi 14,100. Hapo kuna mfululizo wa vinara 18 vya dunia, yaani vituo vya kutoa ishara za kupimia njia ya angani, kila kimoja kikipokea zamu ya sekunde 10, mzunguko mzima dakika tatu. Kila kinara kinataja jina lake kwa Morse kisha kinapiga mistari minne ya sekunde mojamoja: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Idadi ya mistari mnayoisikia inawaambia njia ya angani iko wazi kiasi gani saa hiyo. Kenya ina nafasi yake, kwa jina 5Z4B, mara tu baada ya Afrika Kusini, ZS6DN. Watoto waandike kila saa moja, asubuhi hadi usiku, kwa wiki mbili: kinara gani, mistari mingapi. Wachore grafu. Shemeji akifika watamwambia wao ni saa ngapi aelekeze wapi.

Mkimaliza wiki hizo mbili, nitumie daftari lao nami nilione, hasa safu ya saa 12 jioni.